Herufi Zilizoumuka

Cheti changu cha kidato cha nne kimetundikwa sebuleni, kwenye msumari ambao marehemu mama aliupigilia kwa ajili ya kalenda. Kina herufi za aina tatu tu: C moja, ya Kiswahili, D kadhaa, na F ambazo sitazihesabu hapa, kwa sababu zimekaa kimya miaka yote na mimi sina sababu ya kuzichokoza. Mama alikitundika mwenyewe. Hakujua kusoma, alipenda ule muhuri. Wageni waliojua kusoma walikitazama, wakanitazama na mimi, kisha wakauliza kama chai ipo.

Nasema haya mapema ili ijulikane mtoto wa dada yangu alipata mwalimu wa namna gani.

Kazi yangu ni kukaanga maandazi. Nakaangia hapa hapa nyumbani, mtaa wa Chanji, kwenye jiko la mama, na wateja wananifuata, maana mimi si mtu wa kutoka. Safari yangu ndefu ni ya dukani kufuata ngano na hamira, na hata hiyo nikipata wa kumtuma, namtuma. Jirani yangu wa mkono wa kulia ni mama mmoja wa Kisukuma, familia yake ilihamia na ng'ombe kutoka huko kwao, na sasa anatuuzia maziwa mtaa mzima. Yeye husema siku nikifa hawatasumbuka kunibeba, watachimba sebuleni. Sijui kama makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu au ni sisi wawili tu tuliojipa ruhusa, lakini yeye ananiita Mfipa, kana kwamba niko mmoja tu mkoa mzima, mimi namwita Msukuma, na maziwa yanaendelea kuja.

Dada yangu na shemeji wanalima kijijini Pito. Binti yao walimleta kwangu alipofikia umri wa darasa la awali, kwa sababu kutoka kwangu hadi shuleni ni mwendo wa kumaliza andazi moja. Nilikubali kwa mdomo mzito. Miezi miwili baadaye nilikuwa nimeshazoea kuulizwa kwa nini moshi hauna mifupa, na nyumba ambayo zamani ilikuwa na sauti ya redio tu ilikuwa na watu wawili wanaobishana.

Mwezi wa sita shule ilipofungwa, mpwa wangu alirudi na barua. Mwalimu wa awali alikuwa ameandika kwa upole kwamba mtoto ni mchangamfu, anaimba, anasaidia wenzake, ila hatambui herufi hata moja. Kama hali itabaki hivyo hadi mwisho wa mwaka, hataingia darasa la kwanza, atarudia awali.

Nikampigia dada. Dada akamwambia shemeji. Shemeji ni mtu wa maneno machache, na huwa anayatoa yote kwa mkupuo. Alisema, kama ni kurudia, mtoto akarudie kijijini Mwazye, kwa mama mzazi wa yeye shemeji, ambako angalau kuna nidhamu.

"Umesikia," dada aliniambia kwenye simu. "Mpaka mwezi wa kumi na moja. Asipojua herufi, anakwenda Mwazye."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema wewe una cheti," alisema, kisha akaendelea kwa Kifipa, na hiyo sehemu siiandiki.

Mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko, anasikiliza. Hapo ndipo mpaka wake ulipo. Jikoni kwenyewe haruhusiwi kuingia kwa sababu ya mafuta ya moto. Akauliza kama Mwazye kuna maandazi. Nikamwambia kwa bibi yake kuna viazi vizuri sana. Akafikiri.

"Sitaki kwenda, Mjomba."

"Basi itabidi usome."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Tulianza na penseli. Aliishika kama mwiko, akakoroga karatasi mpaka ikatoboka. Tukahamia mkaa, tukachora ukutani, na hadi leo ukuta wangu wa nje una kitu ambacho mimi nasema ni E na Msukuma anasema ni reki. Tukahamia maharage. Nilipanga A kwa maharage kwenye ungo, nikapanga na E, na I, na O, na U, akawa anazitazama kwa heshima tu, kama mtu anayetazama maharage. Saa kumi na moja jioni ikabidi tuyapike. Tulikula irabu zote tano na ugali, na asubuhi yake hakukumbuka hata moja.

Siku iliyofuata nilibakiwa na kipande cha unga baada ya kukata maandazi yangu ya duara. Sijui nini kilinituma. Nilikiviringisha kikawa kamba, nikakikunja nikatengeneza A, nikaitumbukiza kwenye karai. Ilitoka nzuri, ya kahawia, miguu miwili na kamba tumboni. Nikampelekea kwenye kizingiti.

"Hii ni A," nikamwambia. "Itaje uile."

"A," akasema. Ikaisha.

"Ipo nyingine?"

Ndivyo shule yangu ilivyofunguliwa.

Nilijaribu kwanza herufi ndogo, kwa kuwa ndizo nilizoziona kwenye daftari lake. Lakini herufi ndogo hazikaangiki. Nukta ya i ilijitenga ikaenda kuogelea peke yake upande wa pili wa karai, na mteja mmoja wa bodaboda akailalamikia kama andazi lililopunjwa. Nikaamua herufi kubwa. Sheria ilikuwa moja: ukiitaja unaila, ukikosea unapewa andazi la kawaida.

Ndani ya wiki moja walikuwa wamejaa. Mtoto wa Msukuma alikuja na chupa ya maziwa, akaona, akarudi bila chupa. Wengine watano wa mtaa wakamfuata. Saba wamekaa kwenye kizingiti na ukuta wa nje, wanaota jua la asubuhi, pua zinawatoka kwa baridi, na mimi natoka na sinia kama padri.

Wazazi walilipia, ila walinunua kwa kulalamika. Maana katika sheria yangu kulikuwa na dosari ambayo mtu mwenye C ya hesabu angeiona mapema. M ina unga mwingi, na W vilevile. B inashibisha. I ni kijiti. Watoto waliigundua siku ya pili. M waliijua wote kabla sijamaliza kuinua sinia. I hakuna aliyetaka kuijua, na ukimwonyesha mtoto I alikuwa anakosea makusudi, apewe la duara.

Halafu wa Msukuma, ambaye atakuwa wakili, akapewa la duara baada ya kukosea, akalinyanyua juu akasema, "Hii ni O. Nimeitaja."

Nilifikiri. Sikupata kipengele cha kumpinga. Nikampa nyingine.

Mama yake akaja jioni, kitenge kimefungwa kiunoni kwa ajili ya ugomvi.

"Mfipa. Mwanangu umemwonaje? Wiki nzima unampa I."

"Ndiyo herufi aliyobakiza kujifunza, Msukuma."

"Wa kwenu yule kwenye kizingiti anakula M na W kama mtoto wa mkuu wa wilaya, wangu unampa kijiti. Au kwa sababu sisi ni wageni?"

"Mmekuja na ng'ombe wote wale, mnalia njaa ya I?"

"Lieni ninyi mliokuwepo. Mimi nataka mwanangu apate herufi yenye nyama."

Tulikubaliana, baada ya chai, kwamba kila herufi itatoka kwenye donge la ukubwa mmoja. Ilikuwa haki, na ilikuwa na matokeo yake. M ikawa nyembamba, inatetemeka kwenye sinia. I ikawa mchi. Mtoto aliyepewa I aliishika kwa mikono miwili. Lakini kelele ziliisha, na I ikapata heshima ambayo nadhani haijawahi kupata mahali pengine popote.

Na walijifunza. Hilo niliandike, kwa sababu siyo mara nyingi jambo langu linafanikiwa. Mwishoni mwa Julai mpwa wangu alisimama sebuleni, akatazama juu ukutani, akanyoosha kidole.

"Mjomba, hii ni F."

"Ndiyo."

"Na hii ni F. Na hii. Na hii F." Akanigeukia, macho yamemtoka kwa wivu. "Ulipewa nyingi."

Nilimpigia dada nikamwambia mtoto anasoma. Akauliza anasoma nini. Nikasema vitu mbalimbali.

Sasa lazima nieleze habari ya baridi. Mwezi wa sita na wa saba, huku kwetu juu, hamira hukunja mikono kama sisi. Jioni naukanda unga, nauviringishia blanketi la sufu alilotuachia mama, nauweka karibu na jiko lenye makaa. Mimi nalala na shuka mbili na koti. Unga ndio wenye blanketi. Na bado asubuhi unakuta umepanda kidogo tu, kwa adabu. Ukiukata herufi inatoka vilevile ulivyoikata: nyembamba, kona zake zipo, tundu la A liko wazi unaweza kuchungulia.

Septemba ikaja, joto likaanza. Oktoba hamira ilikuwa imechangamka kama imepata mshahara. Niliikata A ile ile, kwa kisu kile kile, nikaitumbukiza, ikavimba. Tundu likaziba, miguu ikakutana, ikaelea pale kama kilima cha kahawia. B ilikuwa mto wa kulalia. H ilikuwa watu wawili wanaokumbatiana baada ya miaka mingi. E ilifumba mdomo. K sijui nisemeje. K ilikuwa chura.

Niliona. Nisiseme sikuona. Lakini watoto walizitaja zote bila kusita, hata chura, na mimi nikajipongeza kwamba elimu imekolea mpaka wanaitambua herufi ikiwa katika hali yoyote. Wateja nao walifurahi kwa sababu maandazi yalikuwa makubwa zaidi. Kuna bibi mmoja aliyepita kila asubuhi, hajawahi kukaa darasani maishani mwake, mimi namwambia shikamoo, yeye ananijibu marahaba na papo hapo anadai, "Nipe yangu ile yenye miguu." Oktoba ile akaigeuzageuza mkononi akasema, "Imekuwa mama mtu mzima." Nikacheka. Ningemsikiliza, haya mengine yasingetokea.

Katikati ya Oktoba daftari la mpwa wangu lilirudi limeandikwa kwa wino mwekundu: mlezi afike shuleni.

Nilikaa nalo siku mbili, nikitumaini litapoa. Siku ya tatu nikavaa viatu. Kutoka kwangu hadi barabarani watu watatu waliniuliza msiba ni wa nani. Msukuma alinisindikiza kwa macho hadi kwenye kona, kisha akaita kwa nyuma, "Mfipa, njia ya kurudi unaijua?"

Mwalimu wa awali alikuwa dada kijana, mwembamba, mwenye uvumilivu wa mtu anayefunga kamba za viatu arobaini kila siku. Aliniweka kwenye kiti cha mtoto, magoti yakanifika kidevuni, akapanga madaftari saba mbele yangu. Yote ni ya watoto wa mtaa wangu.

Alifungua la kwanza. Ukurasa mzima ulikuwa umejaa vilima vilivyopakwa rangi ya kahawia kwa uangalifu. Kimoja kilikuwa na vitone vidogo juu yake, nikatambua ni punje za iliki.

"Hii ni nini, mjomba?" akaniuliza mwalimu.

"Hiyo ni A."

"Umejuaje?"

Ningeweza kusema mengi. Nilisema, "Nimeikaanga mimi."

Hakucheka. Afadhali angecheka. Alifunua ukurasa wa pili, akaniuliza tena, nikamwambia ni K. Akainamisha daftari upande mmoja, kisha upande mwingine.

"Ninao watoto saba," akasema, "ambao wanajua herufi ishirini na nne zisizojulikana na mtu mwingine yeyote nchini. Na mwezi wa kumi na moja natakiwa kumwita kila mmoja ubaoni, aandike herufi kumi nitakazomtajia. Mtoto wako alijua. Mwezi wa saba alikuwa anaandika vizuri kuliko wote. Nini kimetokea?"

Nikamwomba niongee nao. Tukaingia darasani. Nikachukua chaki nikaandika A ubaoni, A ya kawaida, kila mmoja wenu anaijua. Watoto wale saba waliitazama kwa huruma.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Hiyo ni A ya wakati wa baridi, Mjomba," mpwa wangu akasema. "Saa hizi zimekua."

"Zimekua vipi?"

Yule wa Msukuma alinyanyua mkono kwanza, maana ana adabu ya shule. "Ni kama ng'ombe," akasema. "Kiangazi zinakonda mpaka unaona mbavu. Zikipata chakula zinanenepa. Lakini ni zile zile."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Na watoto wengine, wale wasiokula kwangu, nao wakaanza kuitazama A yangu kwa wasiwasi. Mwalimu akanitoa nje taratibu, akinishika kiwiko.

"Zirudishe zilivyokuwa," akaniambia.

Nilijaribu. Nilipunguza hamira, nikapata herufi ngumu. Mtoto mmoja akang'oka jino, ingawa lilikuwa linakaribia kutoka. Nikaacha hamira kabisa, nikapata A iliyozama chini ya karai isielee tena. Watoto walizikataa. Walisema hizo zimekufa. Nikajaribu kumwandikia mpwa wangu karatasini, herufi nyembamba, moja baada ya nyingine. Alizitaja zote sawasawa. Nikampa penseli aziandike, akachora vilima.

"Kwa nini huandiki kama hii?"

"Hiyo ni ndogo, Mjomba. Mimi sasa ni mkubwa." Kisha akauliza kama mwezi wa kumi na moja umebakiza siku ngapi, nikajua kwamba naye anahesabu.

Jumapili dada alinitumia ujumbe wa sauti. Alisema shemeji amekwishaongea na mama yake huko Mwazye na kitanda kimeandaliwa. Aliongea kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, bila hasira. Nilipousikiliza mara ya pili nikaona bora angenitukana kwa Kifipa.

Jioni ile nilikanda unga kama kawaida. Sikuuviringishia blanketi, joto lilitosha. Asubuhi nikaamka, nikawasha jiko, nikaanza kukata. Nilikuwa nimepanga A, B na D kwenye ubao wenye unga mkavu, kona zake zote zipo, matundu yote wazi, na karai lilikuwa bado halijapata moto. Nikazitazama. Zilikuwa herufi safi kabisa, za kitabuni. Kila siku zilikuwa safi hivyo, pale kwenye ubao, kabla ya mafuta. Na kwa muda wote ule hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuziona, kwa sababu wote nilikuwa nimewakataza kuvuka kizingiti.

Nikaenda kumwamsha mpwa wangu. Nilimbeba na usingizi wake, nikavuka naye kizingiti, nikamsimamisha juu ya kigoda.

Alizitazama kwa muda mrefu. Akanigusa mkono kama anayetaka ruhusa, kisha akapitisha kidole ndani ya tundu la A, bila kuligusa.

"Ndizo hizi?"

"Ndizo hizi. Hivi ndivyo zilivyo. Zikiingia kwenye mafuta zinavimba."

"Kumbe hazikui?"

"Hazikui. Zinavimba tu."

Akachukua A, akaiinua, ikalegea ikamning'inia kidoleni. Akairudisha mahali pake, akainyoosha miguu. Nilimwona anafikiri, mdomo umefunguka kidogo.

"Kwa hiyo mwalimu anataka mbichi."

"Mwalimu anataka mbichi."

"Si ungesema," akaniambia.

Kuanzia hapo kila alfajiri alisimama kwenye kigoda, mbali na karai, na kutengeneza herufi yeye mwenyewe kwa unga. Baada ya wiki nikawaruhusu na wale sita, wawili wawili, na Msukuma amesimama mlangoni kama polisi wa mafuta. Jiko langu lilijaa. Bibi wa A aliingia pia, hakuna aliyemwalika, akaomba aone yake ikiwa mbichi. Akaitazama, akaguna. "Nilikuwa nakula kitu kizito," akasema.

Siku ya kuandika ubaoni dada alikuja kutoka Pito tangu asubuhi, kavaa kitenge kipya. Alikuja pia na begi tupu la nguo, amelikunja kwapani. Hakulieleza, na mimi sikuliulizia. Nilivaa viatu kwa mara ya pili mwaka ule. Tulikaa nyuma ya darasa kwenye viti vile vidogo, mimi na dada na Msukuma, magoti juu, kama panzi watatu.

Mpwa wangu akaitwa. Alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, nywele zimesukwa kwa nguvu mpaka macho yamevutika.

"Andika M," mwalimu akasema.

Hakuandika. Akageuka.

"Mbichi au iliyoiva?"

Dada alinitazama kwa upande, nami nikatazama begi. Mwalimu alinitazama mimi kule nyuma, kisha akamtazama yeye.

"Mbichi," akasema.

Akaandika M. Ilikuwa M ya mistari minne, kavu, kona zote zipo. Akaandika A, na tundu. Akaandika B, E, K, na K ilikuwa K, haikuwa na uhusiano wowote na chura. Dada alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya kitenge, na mimi nilikuwa nahesabu vidole vya dada. Vilipofika tisa, mwalimu akasema, "Andika I."

Akaandika mstari. Akautazama, akaupaka chaki upande wa kushoto. Akaupaka na upande wa kulia. Alipomaliza ulikuwa mnene kama mchi, umekwenda juu hadi chini ya ubao.

"Hii mbona nene hivi?" mwalimu akauliza. "Nimesema mbichi."

"Hiyo ni mbichi," mpwa wangu akajibu. "I inaongezwa unga tangu mwanzo. Isionewe."

"Kweli kabisa," Msukuma akasema kwa sauti pale nyuma. Mwalimu alimtazama, akaacha.

Kisha akaitazama ile I kwa kichwa kilichoinama, kama alivyoitazama K siku ile, akaandika kitu kwenye daftari lake. "Ni kumi," akasema. "Kaa. Januari utaingia la kwanza."

Dada akasimama. Alilikunjua lile begi, akalikung'uta, akalikunja upya likawa dogo kuliko mwanzo, akaliweka ndani ya mkoba. Tulipotoka nje akampigia shemeji, akamwambia, "Anabaki," akakata kabla hajajibiwa.

Kurudi nyumbani ni mwendo wa andazi moja, nimekwishasema. Siku ile ulikuwa mwendo wa sinia zima. Mpwa wangu alisimama mbele ya kila duka lenye kibao. Cha saluni kilikuwa na herufi nono zilizopakwa rangi nyekundu, akasema hizo zimeiva. Za duka la dawa zilikuwa nyembamba, akasema hizo mbichi. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi S ilikuwa imebanduka nusu, akasema hiyo imeliwa. Mimi nilikuwa na maumivu ya viatu na nilitaka kwetu, lakini dada alimwambia asome na inayofuata, na inayofuata, na kila akisoma dada alinipiga begani kama vile mimi ndiye niliyekitundika kile kibao.

Tulipofungua mlango wa jiko, unga nilioukanda asubuhi ulikuwa umeisukuma sahani ya kufunikia, ikaanguka, na wenyewe ukamwagika nje ya beseni na kukaa mezani, mkubwa, mweupe, wa duara.

Mpwa wangu alisimama kwenye kizingiti kwa mazoea, ingawa hakukatazwa tena.

"O," akasema, akaenda kutafuta sinia.